Viza ya Kwenda Kumtania Marehemu

Nimerudi. Wote mmeniona, mmenipa pole ya safari, chokoleti mmekula mpaka karatasi zake mmeweka mfukoni, na bado kila nikikaa kwenye kahawa pale Kisesa mtu ananidaka: "Masanja, ni kweli Wazungu walikuitia gari la wagonjwa ukiwa mzima?" Nimesimulia kipande hapa, kipande kule, na sasa nasikia huko Igoma kuna watu wanasema nilizikwa nusu nikachomoka. Basi kaeni. Nasimulia mara moja tu, kwa maandishi, na asiyeona vizuri asomewe na mjukuu wake. Mambo ya fomu, tiketi na picha za pasipoti nayaruka, maana yote hayo aliyafanya binti yangu Kulwa na mimi kazi yangu ilikuwa kusaini anaponionyesha kidole.

Mwanza: simu ya shemeji

Ninyi Yohana Ndahani mlimjua, ila pengine haya yatasomwa na mtu wa mbali, kwa hiyo vumilieni. Ndahani alikuwa Mgogo wa Dodoma aliyeletwa Mwanza na kazi. Kiwanda cha kuchambua pamba, mimi fundi wa mashine, yeye karani wa mizani, miaka ishirini na sita. Na Mgogo na Msukuma ni watani. Mtani ni mtu ambaye una ruhusa ya kumtukana mbele ya mama yake mzazi, na yeye hana ruhusa ya kununa. Kila asubuhi akiniona getini anauliza, "Msukuma, ng'ombe wameamkaje? Naona leo mmelala shuka moja." Nami namuuliza kama jana kwao walipata maji au walinawa kwa mate. Tukishamaliza hapo ndipo kazi inaanza.

Tuliahidiana kwamba atakayetangulia, mwenzake aje amtanie msibani. Hili mnalijua. Mtani anavaa nguo ya marehemu, anaiga mwendo wake, analala njiani jeneza lisipite mpaka apewe chochote. Watu wanacheka, na wakishacheka ndipo kilio kinatoka sawasawa badala ya kuwakaba kooni. Mtani mwenyewe haruhusiwi kulia. Akilia ameharibu kazi.

Ndahani baada ya kustaafu akaugua figo, na binti yake Neema, ambaye ni muuguzi Ujerumani, akamchukua yeye na mama yake wakaishi naye huko. Ndiko alikofia. Mwenyewe alishasema akifa azikwe hukohuko, wasimrudishe kwenye sanduku kama mzigo wa dagaa.

Siku ile shemeji yangu Sechelela, mkewe, alinipigia simu nikiwa shambani. "Masanja," akasema, "mtani wako amekufa."

"Amekufa kweli au anatafuta huruma?" nikajibu. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kujibu, ingawa tayari nilikuwa nimekaa chini kwenye tuta la viazi.

Hakucheka. Tangu nimfahamu, Sechelela ni mwanamke anayecheka mpaka kanga inafunguka. Neema akachukua simu, akanieleza kwamba mama yake tangu msiba utokee hajalia hata chozi, hali chakula, anakaa anakunja mashati ya mzee, akimaliza anayakunjua, anaanza upya. Shemeji akamnyang'anya simu. "Maziko ni Ijumaa ya wiki ya tatu kuanzia hii, saa nne asubuhi. Njoo ufanye kazi yako. Usipokuja nitajua Wasukuma ni watu wa mdomo tu."

Mke wangu aliposikia alishika kiuno. "Umri huu unakwenda kulala kwenye barabara za Wazungu? Na magoti hayo?" Nikamwambia ahadi ni ahadi. Akanuna siku mbili, siku ya tatu nikamkuta ananipakia michembe. Kwa mtu wa mbali: michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa mpaka vikawa vigumu kabisa. Ndahani alikuwa akiisema sana, na alikuwa akiila sana.

Kisesa mpaka Dar

Basi liliondoka Mwanza kwa wakati, jambo lililonitia wasiwasi tangu mwanzo. Na kweli, Singida tairi likapasuka, tukakaa saa tatu kando ya barabara tukila kuku wa watu wa pale, na kuku wa Singida mimi siwezi kumsema vibaya, hata mtani akinisikia.

Dodoma nilishuka kujinyoosha. Kuna mama alikuwa akiuza zabibu kwenye beseni, akaniona nazitazama. "Msukuma, nunua," akasema, "zabibu hazikamuliwi maziwa." Sijui alinijuaje. Nikamwambia nilidhani ni kinyesi cha mbuzi, nikashangaa wanakiuza. Tukaendelea hivyo mpaka dereva akapiga honi. Nilipomwambia yule mama nakwenda kumzika Mgogo nchi za watu, akaongeza kishada kingine kwenye mfuko wangu. "Kamlalie njiani vizuri," akasema. "Usione aibu." Nilikula zile zabibu mpaka Morogoro na nilikuwa nimefurahi sana, maana niliona mambo yote ni rahisi.

Dar: mbele ya kioo

Kumbe ugumu ulikuwa unanisubiri umevaa tai. Ubalozini unasimama mbele ya kioo. Nyuma yake alikuwepo afisa, Mzungu mwembamba mwenye miwani, na pembeni yake binti wa Kitanzania wa kutafsiri, amefunga kitambaa shingoni, sura kavu kama amekaririshwa asicheke.

"Anauliza unakwenda kufanya nini," binti akasema.

"Kumzika mtu."

"Ni ndugu yako?"

"Mungu apishe mbali!"

Binti akatafsiri. Afisa akainua macho kidogo. "Anauliza, basi ni rafiki yako?"

Hapa ndipo nilipoharibu, na naomba mnielewe. Mtani akitajwa humsifu. Ukimsifu, na hasa akiwa amekufa, ni kama umemkana. Nikajibu kwa desturi, tena kwa sauti ya kiwandani. "Rafiki? Mgogo yule? Mchoyo, mvivu, miaka ishirini na sita anasinzia juu ya mizani, na kukoroma kwake ndiko kulikotufukuzia panya!"

Binti alitafsiri yote bila kupepesa. Afisa akaandika kwa muda mrefu. "Anauliza, kati yenu kulikuwa na ugomvi?"

"Kila siku. Isipokuwa Jumapili."

"Anauliza, mara ya mwisho mlipoonana ulimwambia nini?"

"Nilimwambia afe haraka nirithi kofia yake."

Kalamu ikawekwa mezani. "Anauliza, ukifika kwenye mazishi utafanya nini hasa?"

"Nitalala mbele ya jeneza, lisipite."

Afisa akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akanitazama upya. Nikaambiwa nikakae nisubiri.

Nilikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya picha ya milima yenye theluji, na hapo ndipo akili ikanirudia. Nikayasikiliza yale maneno yangu kwa masikio ya Mzungu: mzee mmoja kutoka Kisesa anaomba viza akazuie maziko ya adui yake. Nilitokwa na jasho na kiyoyozi kikiwa kinavuma. Nilimwona Sechelela akikunja shati, akikunjua. Nikawaza, Masanja, mdomo wako huu.

Waliponiita tena, afisa alikuwa na barua ya mwaliko mkononi. Barua ya mjane inasema mimi ndiye mgeni anayehitajika kuliko wote, na maneno yangu yanasema vingine, akauliza, sasa mwongo ni nani? Nikajaribu kueleza utani. Nikasema ni kutukanana kwa heshima. Nikasema tunachukua vitu vya marehemu lakini si wizi. Nikasema kuna mahali watani huingia kaburini wakakataa kutoka. Kila nikieleza, naona viza inazidi kwenda mbali.

Yule binti akamwambia afisa neno moja pembeni, kisha akanigeukia. "Mzee, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Wewe ni Msukuma wa wapi?"

"Kisesa, karibu na Bujora."

"Ndiyo maana," akasema, na sura yake bado kavu vilevile. "Tangu umeingia, hiki kioo kimeota ukungu kwa harufu ya zizi. Tutalazimika kukibadilisha."

Nilishtuka. Nilisimama wima nikitaka kuuliza kama hivi ndivyo wazee wanavyopokelewa hapa. Halafu nikaona pembe ya mdomo wake inatetemeka.

"Mimi ni Mgogo wa Mvumi," akasema.

"Hee!" nilipiga ukelele. "Nami nashangaa, ofisi nzuri namna hii, imekuwaje ombaomba wa barabarani akapita mpaka ndani ya kioo!"

"Nilikuja kuomba, wakanipa kazi. Wewe umekuja kuomba, na kazi huna."

"Wamekupa kwa sababu ya maji ya bomba. Walipokuona unalikumbatia lile bomba wakakuonea huruma!"

"Na wewe wakikupa viza, uvue viatu ndani ya ndege. Usije ukadhani ni lori la ng'ombe ukaanza kuswaga abiria!"

Mlinzi wa mlangoni alikuwa ameinama anacheka. Mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni alijifunika uso na bahasha. Afisa alikuwa anatazama huku na huku kama mtu wa kwenye mchezo wa tenisi, mwisho akauliza kitu, na binti akajibu kwa kirefu, safari hii taratibu. Kisha akanitafsiria nami. "Ameuliza kwa nini namtukana mteja. Nimemwambia huyu si mteja tena, ni mzee wangu. Nikifa leo, huyu ana haki ya kuja kunilalia njiani, na nyumbani kwetu watamngoja."

Afisa akaichukua tena kalamu. Akauliza swali la mwisho: "Na mzee huyu kweli hajakasirika?"

"Mwambie," nikasema, "umeniacha nyuma kwa tusi moja, na hilo ndilo linaloniuma."

Sijui kwao watu hucheka vipi, ila mabega ya yule bwana yalitikisika mara mbili. Siku ya tatu pasipoti ikatoka ina viza ndani.

Angani, na saa kumi na mbili nzima kwenye benchi

Kwenye ndege nilivua viatu. Chakula kilikuwa kwenye sahani ndogo ya mtoto, nikala cha kwangu na cha jirani aliyekuwa amelala, na dada wa ndege akaniletea cha tatu bila kuulizwa. Mimi sina lawama na ndege.

Lawama ninayo na theluji. Tulishuka mji wa katikati kubadilisha ndege, wakatangaza kwamba huko tuendako uwanja umefungwa kwa theluji, tusubiri. Ilikuwa Alhamisi saa sita mchana. Nilitakiwa kufika jioni, nilale, niamke Ijumaa nimepumzika. Saa zikapita tatu, zikapita sita. Nikawa nakwenda kwa yule kaka wa kaunta kila baada ya nusu saa, namwonyesha saa yangu, anatikisa kichwa. Mara ya nane akaanza kutikisa kichwa kabla sijafika.

Kwenye benchi nilikaa na mama mmoja Mkongomani wa Bukavu, mtu mzima mwenye mwili, anakaa Ubelgiji miaka mingi. Akaniuliza, "Papa, uko unaenda wapi na sura ya namna hii?" Nikamweleza yote. Alinisikiliza akinipa pole, lakini nilipofika kwenye kulala njiani akashika kifua.

"Aii, papa! Usifanye! Kule kwa bazungu mu kilio banalia na mdomo yenye kufungwa. Mutu akikohoa, bote banageuka. Sasa wewe ukalale chini? Banakuita polisi, na ile viza banaipasua mbele ya macho yako."

Nilisema utani ni utani popote. Akatikisa kichwa, akavua skafu yake ya sufu nyekundu akanizungushia shingoni, akisema kama nitafungwa jela basi nisifungwe na baridi. Maneno yake yaliniingia. Tulipopanda ndege hatimaye sikuomba chakula cha pili, na hapo mjue nilikuwa naogopa kweli.

Nilitua Ijumaa, saa moja na nusu asubuhi. Zimebaki saa mbili na nusu, na bado kuna ukaguzi. Jamaa wa forodha mwenye glovu akafungua begi, akakuta michembe. Akachukua kipande, akakigonga mezani: ko, ko. Akaita mwenzake. Wakagonga wote wawili. Mimi Kijerumani sina, Kiingereza changu ni cha mashine za pamba, nikaona njia ni moja: nikachukua kipande nikatafuna mbele yao. Mwenye glovu naye akajaribu. Alitafuna, akasimama, akatafuna tena upande wa pili. Akanipungia mkono niende, shavu limevimba, na mpaka napita mlango alikuwa hajamaliza.

Ndani ya gari la Neema

Neema alikuwa ananisubiri, amevaa nyeusi. "Shikamoo, baba." Akanikumbatia, akanivalisha koti la mumewe lililonifika vifundoni, tukaondoka mbio.

Njiani akaniambia, macho yakiwa barabarani, "Baba, nina ombi. Najua mama amekuitia nini. Lakini leo naomba usifanye."

Nikalivuta lile koti magotini.

"Wenzangu wa kazini wote wapo. Mama mkwe yupo. Nimejenga heshima yangu hapa miaka kumi na miwili, baba, kidogo kidogo. Na muda wenyewe ni nusu saa tu. Nusu saa ikiisha anaingia marehemu mwingine."

"Nusu saa? Kwa mtu mzima?"

"Ndivyo utaratibu ulivyo. Hata kaburi lenyewe tumepanga, kama chumba. Miaka ishirini, halafu unaomba kuongezewa."

Nilitaka kucheka, nikaona anafuta macho kwa mkono wa koti. Huyu nilimbeba mgongoni akiwa hajaota meno. Na yeye ndiye mwenye baba. Nikamwambia, "Sawa, mwanangu. Nitakaa kimya." Nilisema kweli, sikuwa na hila. Hapo ndipo safari yangu yote ilipoonekana imekuwa ya bure, nikageukia dirisha kutazama theluji.

Makaburini

Tulifika zimebaki dakika kumi. Sechelela alikuwa amekaa mstari wa mbele kwenye kanisa dogo la makaburini, amekonda, mkoba mapajani. Akanitazama. "Umechelewa, Msukuma," akasema, akageuza uso mbele.

Ibada ilikuwa fupi na nzuri, sitaidharau. Kinanda kilipigwa, mchungaji akasema, watu kama arobaini wamekaa wima. Yule mama wa Bukavu hakunidanganya, mtu hata kuguna hakuguna. Mlangoni alisimama bwana mmoja mwenye suti nyeusi, msimamizi wa makaburi, anatazama saa yake. Mimi nilikalia mikono yangu.

Tukatoka. Wanaume sita wenye kofia nyeusi wakalisukuma jeneza juu ya toroli, kwenye njia ya kokoto iliyofagiliwa theluji, na sisi nyuma yake kimya kimya. Neema na mumewe Tomasi walikuwa mbele. Sechelela akapunguza mwendo mpaka akawa ubavuni mwangu.

"Umekuja kutalii?" akaninong'oneza.

"Nimemwahidi mwanao, shemeji."

"Na mimi hukuniahidi? Na huyu?" Akaonyesha jeneza kwa kidevu. "Siku ya mwisho hakuuliza habari za mtu mwingine. Aliniuliza mara tatu: yule Msukuma atakuja kweli? Nikamwambia atakuja." Kisha akafungua mkoba, akatoa kofia ya Ndahani, ile ya kahawia aliyokuwa anavaa mizanini, imekunjwa mara mbili. Mwanamke huyu alikuwa ameibeba tangu asubuhi bila kumwambia binti yake.

Niliishika. Bado ilikuwa na harufu yake ya mafuta ya nazi na pamba. Neema atanisamehe au asinisamehe, nikasema moyoni, na nikaivaa.

Nikatoka kwenye mstari. Mkono mmoja mgongoni, bega moja chini, mwendo wa Ndahani mwenyewe, na mkono mwingine nalamba penseli isiyokuwepo, kama alivyokuwa akifanya kabla ya kuandika kilo. Nikawapita watu wote, nikalipita toroli, nikageuka, nikapaza sauti: "Mizani imegoma! Mzigo huu haupiti!" Nikajilaza chali katikati ya njia, kokoto zikiniingia mgongoni kupitia koti la Tomasi.

Toroli likasimama kwa breki.

Mnachokijua ninyi ni kwamba hapo watu wangecheka na kunifokea niondoke. Wao waliona nini? Waliona mzee kutoka Afrika, aliyesafiri siku mbili, amepiga kelele kwa uchungu na kuanguka mbele ya jeneza la rafiki yake. Ghafla wale watu waliokuwa kimya wote wakawa wanakimbia. Mmoja akanishika mkono kupima mapigo. Mwingine akanifungua skafu. Wa tatu akaniinua miguu juu, na wa nne, mama mmoja mnene, akanipiga makofi mashavuni akiniita "hallo, hallo". Nusu ya waliokuja walikuwa wauguzi wenzake Neema! Msimamizi alikuwa tayari yuko kwenye simu.

Ningeinuka yangekwisha. Lakini mtani akishalala haamki bure. Nikafumba macho.

Nikasikia sauti ya Neema juu yangu, kwa Kiswahili, kwa hasira na kwikwi. "Baba Masanja, inuka! Wameshaita gari la wagonjwa!"

"Siinuki mpaka nipewe kitu."

"Kitu gani?"

"Chochote. Huyu Mgogo hawezi kuingia bure."

Alisimama pale, wenzake wote wakimtazama yeye, maana ndiye muuguzi, ndiye mwenye msiba, na ndiye pekee anayenielewa. Nilifumbua jicho moja nikamwona anavyopambana. Angeweza kusema mimi ni mgonjwa, ikaisha salama. Akavuta pumzi, akawageukia, akawaeleza kwa lugha yao. Aliongea kama dakika nzima. Sikuelewa neno, ila nililisikia jina la baba yake, na nikaona aliyeshika miguu yangu anaishusha taratibu.

Tomasi, mumewe, ni mtu wa kufuata utaratibu. Alipoelewa kwamba panahitajika malipo, alipekua mifuko yote kwa makini, akachuchumaa, akaniwekea kifuani pakiti ya pipi za kikohozi. Ilikuwa imefunguliwa.

Nikainuka nusu. "Pipi?" nikapaza sauti. "Tena za kikohozi? Huyu ndiyo bei yake hii?"

Na nyuma ya watu wote nikasikia sauti ya Sechelela: "Chukua, Msukuma! Hata hiyo imezidi!"

Akacheka. Alianza kidogo, kama mtu aliyepaliwa, kisha akacheka ule mcheko wake, anajishika tumbo, anaegemea mti, na Neema akaanza kucheka naye, machozi yakimtiririka, na baadhi ya wauguzi wakacheka bila kujua wanacheka nini. Halafu mcheko wa Sechelela ukabadilika. Alipiga yowe moja, akaenda akalikumbatia jeneza, akamlilia mume wake kwa Kigogo, kwa sauti kamili, wiki tatu zote zikatoka mara moja. Mama mkwe wa Neema, bibi wa Kijerumani wa miaka themanini, akamfuata, akamshika kiunoni, naye akalia mdomo wazi.

Gari la wagonjwa likafika hapo. Wakanipima hata hivyo, nikiwa nimekaa kwenye ukingo wa kaburi la mtu nisiyemjua. Presha ilikuwa juu.

Ile nusu saa ilikuwa imekwisha zamani. Msimamizi alitazama saa yake, akamtazama Sechelela, akaenda getini kuwaambia waliokuwa wanafuata wasubiri. Zamu yangu ya kutupia udongo ilipofika nikainama nikamwambia Ndahani, "Mtani, hata kaburi umepanga! Miaka ishirini ikiisha utaamka uombe kuongezewa? Kuomba hutaacha?" Neema aliwatafsiria, wakacheka tena, tukamfukia.

Baadaye walitupeleka mahali kunywa kahawa na keki. Keki msibani! Nikaomba kuonyeshwa choo, nikafunga mlango kwa ndani, nikaivua ile kofia na nikalia mpaka mtu akagonga.

Kurudi

Nilikaa siku chache. Michembe ilichemshwa, tukaila na Sechelela, Neema akala vipande viwili, Tomasi akasema inavutia. Neema hakunisema lolote mpaka siku ya kuondoka, alipoleta kadi waliyoandika wenzake wa kazini. Mmoja aliandika kwamba angependa siku yake awepo mtu wa kumlalia njiani, na akauliza mtu hujiandikisha wapi.

Uwanjani, Sechelela alinisindikiza mpaka pale wasipopita wasio na tiketi. Alikuwa ameanza kunawiri, na njia nzima alikuwa akinitukana: koti, masikio, jinsi nilivyokula keki ya watu. Lilikuwa limenijia jambo, nikamwambia wazi.

"Shemeji, mimi sasa nimebaki bila mtani. Siku yangu itakapofika pale Kisesa, nani atalala njiani? Watanipitisha tu, moja kwa moja, kama gunia."

Akanitengeneza kola, akanipiga kofi dogo shavuni.

"Wewe kufa tu, Masanja," akasema. "Nakuja. Mimi kurudi kwetu siombi viza."